Shahada Isiyoishia Mahakamani

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha sheria ya mikataba, na kipimo wanachotupimia walimu ni kilekile: wangapi kati ya wanafunzi wenu wamevaa joho? Nakipinga, ingawa najua kilikotoka. Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, mawakili Waafrika walikuwa wachache mno, na aliyeitaka kazi hiyo alifunga safari ya ng'ambo. Lakini tazama waliotoka humo. Joseph Warioba amekuwa Mwanasheria Mkuu, Waziri Mkuu, jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kisha mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Augustino Ramadhani alikuwa mwanajeshi mwenye cheo cha brigedia, akawa Jaji Mkuu, baadaye akapewa ukasisi. Sijui ni fani gani nyingine ingewabeba hao watatu ndani ya mtu mmoja. Asha-Rose Migiro alitoka kufundisha kitivoni akafika Umoja wa Mataifa akiwa Naibu Katibu Mkuu. Issa Shivji naye aliongoza tume ya ardhi iliyoundwa 1991. Pendekezo lake kuu, kwamba umiliki wa msingi wa ardhi uondolewe mikononi mwa Rais, lilikataliwa, na sheria za 1999 hazikulifuata. Mimi taarifa ile naihesabu mafanikio hata hivyo, kwa sababu anayetetea mfumo uliopo bado hana budi kuijibu.

Nitaambiwa hao ni vigogo, tena wengi wao ni wa kizazi kilichopokewa na serikali yenye nafasi tele. Ni kweli. Nitakumbushwa pia matokeo ya 2022 ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Aibu ile ilitustahili walimu. Ila mtihani ule ni lango la uwakili, si mizani ya shahada yote. Aliyekwama pale bado anaweza kusoma mkataba wa ununuzi wa halmashauri na kuuliza nani ana mamlaka, kwa kifungu kipi, na nani hakusikilizwa. Kazi hiyo ipo bimani, benki, magazetini na katika mabaraza ya ardhi. Tatizo ni kwamba tunawafundisha wote kana kwamba watasimama mbele ya jaji: mahakama ya mazoezi ni lazima, kusoma mizania ya kampuni ni hiari. Ningeanza kwa kuondoa hiari hiyo.