Maziwa Yalipoganda: Somo la Kiangazi Muganza

Tulifika Muganza mwanzoni mwa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na kiangazi kikianza kukausha majani ya kandokando ya barabara. Tulikuwa wanafunzi-walimu wanne, tumepangiwa kufanya mazoezi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekta hiyo, Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Mtu aliyezoea baridi ya vilima vya nchi hii hushangaa anapoteremka katika bonde la Bugarama. Huku ni nchi ya chini na ya joto. Mashamba ya mpunga yametandazwa hadi macho yanapokoma, malori ya saruji hupita mchana kutwa yakitoka kiwandani CIMERWA, na vumbi lake huchanganyika na harufu ya udongo uliolowa maji. Mto Rusizi hupita hapo ukitoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake ni Kamanyola, katika Kongo. Na ukivuka Ruhwa, umeingia Burundi.

Kwa sababu ya jirani hao wawili, Kiswahili cha bonde hili hakikuletwa na sheria. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini sokoni kilikuwapo tangu zamani, kikipima mchele, kikikopesha na kudai. Sisi hatukulijua hilo. Tulikuja na majedwali ya ngeli yaliyochorwa vizuri kwenye karatasi kubwa, tukayabandika ukutani, tukaanza kazi kana kwamba darasa lilikuwa shamba ambalo halijawahi kulimwa.

Wiki ya kwanza tuliwataka wanafunzi watunge sentensi kwa kutumia nomino "nyanya". Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyanyua mkono mbele ya wote, akasema kwa sauti ya kujiamini, "Nyanya iko muzuri." Mmoja wetu aliiandika sentensi hiyo ubaoni, akaikata kwa chaki nyekundu, akaandika chini yake: "Nyanya ni nzuri." Darasa likacheka. Sisi nasi tulitabasamu kidogo, kwa maana tuliona kosa limepatikana mapema na limerekebishwa mbele ya wote, kama tulivyodhani inafaa. Binti akaketi. Kwa muda wa wiki mbili hakufungua tena kinywa katika somo letu, na wenzake waliokuwa wakinyanyua mikono wakapungua siku hadi siku. Katika daftari letu la taarifa tuliandika maneno haya: "Wanafunzi wamenyamaza. Hawana msamiati wa kutosha."

Siku moja ya gulio tulikwenda sokoni kununua chakula cha jioni. Tulisikia sauti kabla hatujamwona mwenye sauti. Ilikuwa ikiita wateja kwa Kiswahili, ikipunguza bei kwa hesabu ya haraka, ikimjibu mwanamke wa Kamanyola kwa mzaha, kisha ikamgeukia mteja mwingine kwa Kinyarwanda bila kupumzika. Tulipokaribia, tulimkuta binti wetu wa dirishani, ameketi na bibi yake nyuma ya mafungu ya nyanya. Alipotuona aliinamisha macho. Tulimwuliza bei kwa Kiswahili. Akatujibu kwa Kinyarwanda. Bibi yake alitutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza mjukuu wake, si kwa ubaya, "Walimu yako hawajue Kiswahili?"

Tulinunua kilo mbili bila kupunguziwa hata faranga moja, na tukarudi kimya.

Usiku ule, mezani petu, tulilifungua tena daftari la taarifa. Tulikuwa tumeandika kwamba wanafunzi "wamenyamaza". Kila mmoja wetu alijua kauli ya kutendesha: maji huchemka, na mtu huyachemsha, mafuta huganda, na baridi huyagandisha. Katika kitenzi cha kwanza jambo linatokea tu. Katika cha pili yuko aliyelisababisha. Mbona tulipofika kwenye kitenzi "nyamaza" tulisita kwenda hatua moja zaidi? Binti hakunyamaza. Tulimnyamazisha. Silabi moja tu iliyoongezwa ndani ya kitenzi ilitufanya tuone sura zetu wenyewe katika taarifa ile. Tulikata sentensi ya zamani, tukaandika mpya, na hatukuona haya kuikata kwa wino mwekundu.

Asubuhi tulikubaliana kwamba somo la upatanisho wa kisarufi litolewe nje ya darasa, na lishikike mkononi. Tulichagua chakula chepesi cha kiangazi: mkate wa kubanika, jibini mbichi na nyanya. Jibini inayojulikana zaidi nchini ni ile ngumu ya duara, itokayo nyanda za juu za Gishwati, na ng'ambo ya mpaka ipo ile ya Masisi. Zote mbili hukomaa katika nchi za baridi, tena bei yake haikuwa ya mifuko yetu. Lakini jibini mbichi haidai baridi wala muda mrefu. Inahitaji maziwa, kitu kichachu, chumvi na kitambaa safi. Tulinunua lita 3 za maziwa, ndimu, na mikate mitatu. Nyanya tuliziagiza kwa bibi, na safari hii tulimwomba binti atuchagulie.

Baada ya kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, tuliwasha jiko la makaa chini ya mti uliokuwa uani. Wanafunzi walikaa duara. Tuliinjika sufuria na kukoroga polepole ili maziwa yasishike chini. Hatukuandika chochote popote. Tuliuliza tu, "Tunaona nini?" Kimya. Kisha maziwa yalipoanza kupanda ukingoni, sauti ikatoka upande wa nyuma, kama mtu aliyejisahau: "Maziwa inachemka, Mwalimu!"

Alikuwa yeye. Tulitazamana. Chaki nyekundu haikuwapo, na tulimshukuru Mungu kwa hilo. Mmoja wetu akajibu kwa furaha ya kweli, "Naam, yanachemka! Tuyaepue?" Binti akasema, "Muyaepue."

Tuliyaepua. Hapo tulimimina maji ya ndimu mbili, tukakoroga, tukangoja. Hakuna kilichotokea. Maziwa yalibaki maziwa. Darasa likaanza kututazama kwa huruma, kama watu wanaomtazama fundi aliyesahau nyundo nyumbani. Binti akasogea, akachungulia sufuria, akasema kwa adabu, "Ndimu ni kidogo. Muongeze."

Zingatia, msomaji wetu, jinsi alivyolitamka neno hilo. Hakutuambia "ongezeni", kwa kuwa mtoto wa bonde hili hamwamrishi mtu mzima. Alichukua umbo linaloishia kwa -e, ambalo hupunguza makali ya amri na kuifanya ombi. Somo hilo lilikuwa limepangwa katika mwongozo wetu kwa wiki ya tisa. Yeye alikuwa nalo tayari; adabu ya nyumbani ilimpa kabla yetu.

Tukaongeza ndimu ya tatu, ya nne, na ya tano. Ghafla maziwa yakatengana: mabonge meupe huku, na huku maji yenye rangi ya kijani hafifu. Asidi ya ndimu ilikuwa imezifanya protini za maziwa, ziitwazo kaseini, zishikamane. "Yameganda!" darasa zima likapaza sauti, na kiambishi kilikuwa mahali pake bila mtu kukiita. Tuliuliza, "Yameganda yenyewe?" Wakajibu, "Hapana, ndimu imeyagandisha." Hivyo kauli ya kutendesha ilifundishwa na sufuria. Tulimimina vyote katika kitambaa cha pamba, tukakamua, tukatia chumvi, tukakining'iniza tawini kwa muda wa saa moja hivi. Kilichobaki kilikaribia nusu kilo: jibini nyeupe, laini, yenye uchachu wa mbali.

Wakati tukingoja, tuliweka mbele yao vitu vitatu na bakuli la maziwa yaliyosalia, tukawaomba wavitaje kwa Kinyarwanda, na kila mmoja aseme ni chake. Walicheka, ni mchezo wa watoto wadogo. Wakasema: umugati wanjye, imigati yanjye, amata yanjye, inyanya zanjye. Hakuna aliyekosea. Kisha tukawaomba waseme hivyo hivyo kwa Kiswahili, polepole. Mkate wangu. Mikate yangu. Maziwa yangu. Nyanya zangu. Tuliona nyuso zikibadilika, na yetu ikiwamo. Vile viambishi tulivyovibandika ukutani kama vitu vya kigeni vilikuwa vimelala majumbani mwao tangu walipoanza kusema. Lugha hizi mbili ni watoto wa ukoo mmoja wa Kibantu. W- ya umugati ndiyo w- ya mkate, na z- ya inyanya ndiyo z- ya nyanya. Kiswahili cha mpakani kimelegeza upatanisho huo kwa sababu sokoni watu wa lugha nyingi hukutana na kutafuta njia fupi. Ni kosa katika mtihani wa Kiswahili sanifu, na wajibu wetu ni kuwafikisha wanafunzi kwenye usanifu huo. Lakini si dalili ya akili tupu. Anayesema "maziwa inachemka" huenda anasema "amata yanjye" kila asubuhi.

Jibini ilipokuwa tayari, tulibanika vipande vya mkate juu ya makaa hadi vikapata rangi ya asali. Mpangilio una maana yake katika chakula hiki. Jibini ya namna hii haiyeyuki kwa moto, kwa hiyo hupakwa baada ya mkate kubanikwa. Nayo hutangulia nyanya, ili iuzuie mkate usilowane kwa maji yake. Chumvi ya juu hutiwa mwisho kabisa, maana ikitangulia huzikamua nyanya na sahani ikajaa maji. Tuliwataka wanafunzi wasimulie hatua hizo, nao wakazipanga kwa -ka- ya masimulizi: tukabanika mkate, tukapaka jibini, tukakata nyanya, tukaziweka juu, tukanyunyiza chumvi. Mvulana mmoja alitanguliza chumvi katika simulizi lake. Wenzake wakamkatiza kwa kelele kwamba mkate wake umelowa. Wakati mwingine kosa la mpangilio wa matukio husahihishwa vyema zaidi na tumbo kuliko na mwalimu.

Kila kipande kiligawanywa kwa watu wawili. Tulipokuwa tukila tuliwaambia kwamba nchini Kenya watu wengi huita bibi "nyanya". Walicheka sana, wakatazamana, wakamtazama binti. Yeye akameza alichokuwa akitafuna, akafikiri kidogo, akasema: "Nyanya yangu anauza nyanya zake."

Tulinyamaza. Safari hii tulinyamaza wenyewe. Katika sentensi hiyo ya maneno matano yamo mambo ambayo sisi tulihangaika nayo chuoni muhula mzima: nomino ya ukoo inayochukua "yangu", kitenzi chake kinachochukua "a-" kwa sababu ni mtu, na nomino ya pili yenye umbo lile lile inayochukua "zake" kwa sababu iko katika wingi. Hatukumpigia makofi, kwa kuwa tulihofia kumrudisha mbele ya macho ya wote. Tulisema tu, "Na nyanya zake ni nzuri." Akaitika, "Ni nzuri."

Hatutaki kudai kwamba darasa zima lilibadilika siku ile. Wako walioendelea kukaa kimya hadi tulipoondoka, na majedwali yetu tuliyarudisha ukutani, kwa sababu jedwali nalo lina kazi yake, pindi mwanafunzi akishajua linazungumzia nini. Jioni tulimpelekea bibi kipande chake, tumekifunika kwa kitambaa. Alikionja taratibu, akatafuna, akatutazama. Akasema mkate ni mzuri, nyanya ni zake hivyo hana la kusema, lakini maziwa tumeyaharibu bure. Yangeachwa yakawa kivuguto, yangekunywewa na watu wengi zaidi. Kisha akatutajia bei ya nyanya za kesho. Tulipojaribu kupunguziwa, alikubali.