Ukinzani

Mita ilisoma omu 0.9. Mzee fundi wa pale Kibaoni, Ifakara, alizishika ncha zake kwenye nyaya za sabufa, akaniacha niisome mwenyewe. Pembeni ilikuwepo amplifaya yangu, imevuliwa mfuniko, transista mbili zimepasuka, harufu ya kuungua bado imeganda kwenye zulia la boksi.

Ilikufa abiria wamo ndani ya Noah ninayoendesha, tumeshapita Kiberege tukielekea Mang'ula. Nilikuwa nimeiunga mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Sabufa mbili, kila moja ina koili mbili za omu 4. Nikakusanya chanya zote nne pamoja, hasi zote nne pamoja, nikakaza. Ikapiga! Noah ikatetemeka mpaka vioo. Kwa nusu saa ya safari niliamini nimepatia.

Mzee akaokota kipande cha boksi, akachora duara nne. Koili nne za omu 4 zikikaa sambamba, akasema, unabakiwa na omu 1. Amplifaya yako mwisho wake omu 2. Umeme haukukuta wa kuuzuia, ukapita mara mbili ya ule iliotengenezewa kuubeba.

Nikamwomba aniungie ipate 2 kamili. Akatikisa kichwa. Kwa sabufa hizi, koili zote zikifanya kazi, omu 2 haipatikani. Zote sambamba ni 1, zote kwa mfuatano ni 16. Ukiunga koili mbili za kila sabufa kwa mfuatano, kila sabufa inakuwa 8. Kisha sabufa zenyewe uziweke sambamba, unapata 4.

"Nguvu itapungua, mwanangu, lakini utafika nayo."

Shuleni tulifundishwa kwamba huko kuuzuia umeme kunaitwa ukinzani, na mimi nililibeba neno hilo miaka yote kama jina la adui: kitu kinachoupotezea umeme nguvu. Kumbe amplifaya inahitaji ukinzani ili iishi. Nilirudi nyumbani na kile kipande cha boksi mfukoni, na aliyenijia akilini alikuwa mama.

Amplifaya ile niliinunua kwa mpunga. Magunia yalikuwa ndani, mavuno yamekwisha, bei iko chini kama kawaida ya msimu, na mama akakataa katakata. "Uuze mpunga Julai, Februari tule sauti?" Nikamwona kama mzee asiyetaka kijana wake asonge mbele. Nikawatafuta rafiki wa kuniambia ndiyo, nikawapata wengi, maana ndiyo haimgharimu anayeisema. Nikauza. Mvua zilipotanda bondeni na mchele ukapanda, nikawa nanunua kwa kilo kile nilichokiuza kwa gunia. Mama hakulisema tena lile neno la Februari. Alipika tu, akapakua kidogo kidogo.

Nimewafikiria wengi tangu siku ile: ndugu anayeuliza maswali matatu kabla ya kukukopesha, mke anayetaka kuona hesabu. Wapo wanaozuia kwa husuda, sikatai. Ila mama alizuia kwa sababu alijua ninaweza kubeba kiasi gani.

Amplifaya nyingine nimeipata baada ya mavuno mawili. Safari hii nilichora kwanza, nikaunga, nikapima kabla ya kugusa betri. Mita ikasoma 3.5, kama alivyonieleza mzee, kwamba koili ikipimwa husoma chini kidogo ya ilivyoandikwa.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama, kiti cha mbele, anakwenda kliniki. Tulipovuka reli akaniambia, "Punguza kidogo, baba."

Nikapunguza.