Ufunguo Uko Mfukoni mwa Nani?

Mazoea yana taabu, wahenga walinena, na mimi naongeza kwamba taabu yake kubwa iko kazini. Nyumbani ukisikia harufu ya gesi utaruka kutoka kitandani. Kazini unavuta harufu ya thina kutwa nzima, na jioni ukiulizwa habari za kazi unajibu, "Poa tu." Si kwamba pua imekufa. Imezoea, basi.

Ndugu msomaji, kurasa hizi tunazozipenda, zenye mashairi na hadithi zetu, hazidondoki kutoka mbinguni. Kuna mtu kasimama mbele ya mashine tangu asubuhi ili wewe ulione jina lako kwenye karatasi. Mimi nafanya kazi na watu hao. Ni msahihishaji wa prufu katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa eti "kijana huyu anajua kuandika", mwaka jana bosi alinikabidhi karatasi yenye maswali ya usalama na afya. Nizunguke, nijaze, maana mkaguzi wa serikali alikuwa njiani. Karatasi ilikuwa na safu mbili, Ndiyo na Hapana. Kazi ya nusu saa, niliambiwa. Ilinichukua siku tatu.

Siku ya kwanza nilianzia kwenye mashine ya kukatia karatasi. Kisu chake ni hatari hata kikiwa kimelala, hilo halina mjadala. Swali la ukaguzi linakwenda mbele zaidi: ni nani atakayeumia, kwa njia gani, na mkono wake unapita pale mara ngapi kwa siku? Mashine yetu ina vitufe viwili, na sharti uvibonyeze kwa mikono yote miwili ndipo kisu kishuke. Aliyeibuni aliona mbali: mkono ulioko kwenye kitufe hauwezi kuwa chini ya kisu. Lakini nilikuta kitufe kimoja kimebanwa kwa kipande cha ubao. Ukipita haraka haraka unaandika "Ndiyo", vitufe vipo.

"Shikamoo mzee," nikamwambia anayeiendesha. "Huu ubao wa nini?"

"Marahaba mwanangu. Huo ndio unaotulisha," akacheka. "Madaftari yanatakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Mkono mmoja unasogeza karatasi, mwingine unabonyeza. Ukitaka kutumia miwili, kesho uko kijiweni."

Hapo nikaelewa kwamba ubao ule haukuwekwa na uzembe wa mzee. Uliwekwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Ukiung'oa ubao bila kugusa tarehe, keshokutwa utarudi palepale.

Siku ya pili nilikwenda chumba cha kujalidi, kwa kina dada. Karatasi yangu haikuwa na la kuwauliza zaidi ya taa na viti. Nikaiweka chini, tukanywa chai. Mmoja akaniambia habari za mgongo, kwa kuinua marimu kutoka sakafuni wakati meza ya kuyawekea ipo, imejaa makabrasha ya ofisini. Mwingine akasema hanywi maji tangu asubuhi, kwa sababu kwenda choo ni lazima uombe ruhusa kwa msimamizi mbele za watu. Wa tatu alinyamaza, wenzake wakamsemea: zamu ya usiku kuna mkubwa mmoja hupenda kupita nyuma yake karibu mno, eti njia ni nyembamba.

Je, na hayo ni usalama kazini? Ndiyo, tena sana. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, na ndani yake mwajiri anatakiwa kuvitazama vitu hivyo kama vihatarishi vingine vyovyote. Waliniomba nisitaje jina. Nikaandika bila jina: zamu ya usiku hakuna mwanamke wa kubaki peke yake, na huyo mkubwa ahamishwe.

Siku ya tatu nikafika kwenye thina, ile wanayosafishia wino kwenye rola. Kopo lilikuwa halina lebo. Watu wengi wanadhani sumu ya kazini huua kwa kishindo. Huko Osaka, Japani, mwaka 2012 ilifahamika kwamba vijana waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji walikuwa wanaugua saratani ya mirija ya nyongo, ugonjwa ambao kwa kawaida huwapata wazee. Hawa walikuwa kati ya miaka 25 na 45. Walikuwa wakisafisha wino kwa kemikali iitwayo 1,2-dikloropropani, katika chumba kisichopitisha hewa vizuri. Mwaka 2014 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kemikali hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kopo letu lina kitu hicho. Nasema halikuwa na lebo.

Wataalamu wana ngazi yao ya kutibu mambo haya. Kwanza ondoa kabisa kile chenye hatari. Ukishindwa, weka kingine kilicho salama zaidi. Ukishindwa, mtenge mtu na hatari: kinga ya mashine, feni ya kutoa hewa chafu. Kisha panga kazi upya, zamu na mapumziko. Glavu na barakoa vinakuja mwisho kabisa. Sisi tunaanzia mwisho: mtu anapewa glavu zilizotoboka, anaambiwa ajilinde, na akiugua anaambiwa alikuwa mzembe.

Likabaki swali moja: je, njia za dharura ziko wazi? Mlango wa nyuma upo. Mbele yake kulikuwa na rundo la karatasi, na juu yake kufuli.

"Ufunguo anao nani?"

"Bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Kaenda Morogoro."

Walicheka wote, nami nikacheka. Lakini usiku sikupata usingizi. Tarehe 25 Machi 1911, jijini New York, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuogopa wizi. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, na moto wenyewe haukufika hata nusu saa. Na kwetu, ndugu yangu, ni karatasi, wino na thina chini ya paa moja.

Bosi aliporudi akaipitia karatasi. "Hapa andika ndiyo. Mlango si upo?"

"Upo, bosi, ila umefungwa."

"Kwa hiyo unataka waniibie?"

Wizi ulikuwa wa kweli, marimu yalishapotea. Na mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule. Nilimjibu kwa adabu kwamba komeo la ndani, linalofunguka kwa mkono bila ufunguo, linamzuia mwizi wa nje na linamtoa mtu wa ndani. Kisha nikaacha "Hapana" yangu ilivyo, nikatia sahihi.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaja seremala na komeo.

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kimekuwa bomba. Mlango uko wazi na rundo limehamishwa. Meza ya kujalidi imerudi kwa wenyewe, choo hakiombewi ruhusa, na yule mkubwa sasa ni wa zamu ya mchana. Thina ina lebo. Lakini ule ubao niliuona tena msimu wa kalenda, nikauandika tena. Ndivyo ukaguzi ulivyo, hauishi siku mkaguzi anapoondoka.

Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani linahesabu mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Sheria hizo haziwezi kuona kipande cha ubao. Anayekiona ni aliyesimama hapo kila siku, na anahitaji mtu wa kumuuliza, kumsikiliza, na kuliandika jibu lake kama alivyolisema. Sisi tunaojiita waandishi, kazi hiyo si ndiyo yetu? Kesho ukifika kazini, kabla ya chai, nenda kautazame mlango wa nyuma.