Wema Usizidi Uwezo

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeiandika katika insha nyingi tangu shule ya msingi, na kila mara tulidhani maradhi yanayosemwa ni malaria, kifua kikuu au jipu. Kumbe yapo maradhi mengine yasiyotoa usaha wala kupandisha joto. Wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, ningependa kuwasimulia juu ya maradhi ya aina hiyo, na hasa juu ya kumtafuta mtu wa kuyatibu, kwani huko kutafuta kulinichosha karibu sawa na maradhi yenyewe.

Walionijua nikiwa kidato cha pili watakumbuka kwamba mimi sikuwa mtu wa kukataa. Umeishiwa na sabuni? Nenda kwake. Unataka mtu wa kukufulia sare kwa sababu una mazoezi ya netiboli? Nenda kwake. Zamu ya kuosha choo imekushinda? Mwambie yule, atakubali. Bwenini walinibandika jina la "Sawa Tu", maana hilo ndilo lililokuwa jibu langu kwa kila ombi. Nao watu walinisifu sana. Hata matroni alisema mbele ya bweni zima kwamba laiti wasichana wote wangekuwa na roho kama yangu!

Lakini aisifuye mvua imemnyea. Hakuna aliyeona yaliyokuwa yakiendelea ndani yangu. Mtu akipita bila kunisalimu, nilikesha nikiipekua siku nzima kichwani: nimemkosea wapi huyu? Mwalimu akisema, "Njoo ofisini baadaye," moyo ulidunda kama ngoma ya isukuti, viganja vikatoka jasho na chakula cha mchana kikanishinda. Kumbe mwalimu alitaka tu nimchukulie madaftari! Usiku wa manane nilikuwa macho nikihesabu boriti za paa. Alama zangu za hisabati ziliteremka kutoka 68 hadi 41 katika muhula mmoja, kwani saa za prepu nilikuwa nikiwachorea wenzangu michoro yao ya biolojia.

Sasa najua kwamba mambo haya yana maelezo. Mwili wa binadamu una homoni iitwayo adrenalini, ambayo humwandaa mtu kupigana au kutimua mbio anapoona hatari. Moyo huenda kasi, misuli hukaza na tumbo huvurugika. Ukikutana na chui hilo ni jambo jema. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi, uso wa rafiki ulionuna huwa chui. Sasa tazama mtego wenyewe. Mtu anakuomba kitu, unaogopa kumkatalia, unasema "ndiyo", na papo hapo hofu inatulia. Akili inajifunza kwamba "ndiyo" ni dawa. Kesho hofu ikirudi, unaimeza dawa ile ile. Na kwa kuwa hukatai kamwe, hupati nafasi ya kuona kwamba pengine ungekataa na dunia ikaendelea kuzunguka.

Mtu wa kwanza kunisikiliza alikuwa mwalimu wa ushauri na uelekezaji. Tangu serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, walimu wa idara hii wamebeba mzigo mkubwa, na wetu ni mwema kupindukia. Lakini ndiye aliyenifundisha kemia, ndiye aliyeketi katika kamati ya nidhamu, na ndiye aliyenipendekeza niwe kiranja. Ningemwambiaje kwamba nimechoka kuwa msichana mzuri? Nilipoketi mbele yake nilitabasamu, nikatikisa kichwa, nikasema "ndiyo mwalimu" mara zisizo na idadi. Yeye mwenyewe aligundua. Alisema, "Binti yangu, wewe unahitaji mtu asiyekupa alama." Maneno hayo nimeyaandika kwa ruhusa yake, na namshukuru mbele yenu nyote.

Likizo ya Aprili mama alinipeleka kwa mshauri mmoja mjini, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Ada yake ilikuwa shilingi 1,500 kwa saa moja. Mama huuza mboga za kienyeji katika soko la Luanda. Mwenye kujua bei ya fungu la mrenda na ahesabu mwenyewe ni mafungu mangapi hayo. Mshauri alikuwa na sauti nzuri na aliipenda. "Mwanangu, jiamini! Hao wanaokutumia wapuuze! Wewe ni almasi!" Alizungumza saa nzima, nami nikakubali saa nzima. Mara ya tatu alifunga daftari lake akaniuliza, "Sasa si unajisikia vizuri?" Swali lenyewe lilikuwa tayari limebeba jibu lake. Nikasema ndiyo. Alifurahi kweli kweli. Nikateremka ngazi zile moyo ukidunda vile vile, na shilingi 4,500 za mama zimekwenda.

Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Mtu aliyezoea kumridhisha kila mtu atamridhisha hata mshauri wake. Ataitikia, atashukuru, na hata kupona atapona kwa heshima, ili mshauri asijisikie vibaya. Mwenye malaria akifika kwa daktari, malaria haimpigi daktari chenga. Lakini haya yetu yanaingia nawe mlangoni, yanavuta kiti na kuanza kujibu kwa niaba yako. Kwa hivyo kwa mtu kama mimi, mshauri mpole na msomi hatoshi. Anayefaa ni yule ninayeweza kumwambia "hapana".

Jioni ile mama aliniuliza, "Amekusaidia?" Nilitazama vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa kuchambua managu. Nilifikiria zile pesa. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, mambo yote yataishia hapo, kuulizwa na kutafuta pamoja, nami nitarudi shuleni jinsi nilivyotoka. Koo likanikauka. Nikasema, "Hapana, mama." Mama alinyamaza kwa muda, majani yakiendelea kuanguka ndani ya karai. Kisha akasema, "Basi tutatafuta mwingine. Hata kiatu cha mtumba watu hukijaribu kabla ya kulipa."

Huyo mwingine tulimpata muhula wa pili katika hospitali ya kaunti iliyo karibu na shule, kwenye kliniki ya vijana. Mwalimu yule yule alinitafutia ruhusa ya kutoka kila Ijumaa alasiri. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kimoja tu kati ya vingi, na watoto wa chanjo walisikika wakilia upande wa pili. Mshauri alinipa karatasi yenye maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita: je, nimeshindwa kutulia, nimeshindwa kuzuia wasiwasi, nimeogopa kama kwamba jambo baya linakuja? Kila swali lina alama kutoka 0 hadi 3, jumla ni 21. Maswali hayo yalichapishwa mwaka wa 2006 na hutumiwa nchi nyingi. Nilipata 14. Alinieleza kwamba ukifika 10 inafaa uchunguzwe zaidi, lakini karatasi si hukumu. Ni kama kipimajoto tu.

Kisha akauliza ningependa tuanzie wapi. Nikajibu, "Popote, sawa tu." Akaweka kalamu chini. "Hiyo 'sawa tu' ni yangu ama ni yako?" Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Humu ndani una ruhusa ya kuniambia kwamba sijakuelewa. Tena nitafurahi."

Wiki ya pili alipendekeza niwaandikie barua marafiki zangu kuwaeleza hali yangu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanitazama miguu, iliyokuwa ikitetema chini ya kiti. "Kichwa kimekubali," akasema, "lakini miguu inakataa. Nimsikilize nani?" Ndugu msomaji, dakika ile ilikuwa ndefu kuliko mtihani wa hisabati. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Sidhani hiyo itanifaa. Barua itasomwa bweni zima." Nilingoja anune. Hakununa. Alisema, "Asante. Hilo sikulifikiria. Tutafute njia nyingine." Basi! Paa halikuanguka. Nilitoka mle nikijua nimempata.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka wa 1979 msomi wa Marekani, Edward Bordin, alieleza uhusiano wa mshauri na anayeshauriwa kwa mambo matatu: wakubaliane wanataka kufika wapi, wakubaliane kazi itafanywaje, na pawe na imani kati yao. Mshauri wangu wa pili alikuwa na safari yake, na njia yake. Mimi nilikuwa abiria tu. Huyu wa tatu aliniachia nishike usukani pamoja naye.

Kazi yenyewe ilikuwa kama kupanda ngazi. Kidato cha kwanza cha ngazi: mtu akiniomba kitu, nisikubali wala kukataa, niseme, "Nitakujibu baada ya chakula." Cha pili: kukataa kuazimisha kitu kidogo. Cha tatu: kukataa kuchora wakati wa prepu. Kila mara niliandika kwenye daftari kile ninachoogopa kitatokea, kisha nikaandika kilichotokea. Njia hii ina asili yake katika kazi ya daktari Aaron Beck wa Marekani, aliyeanza miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa kuyapima mawazo yao badala ya kuyaamini tu. Katika kurasa 11 za daftari langu, niliandika mara nyingi "atanichukia", na upande wa pili mara nyingi zaidi nikaandika "alisema poa, akaenda kwa mwingine". Sitaki kuwadanganya, hata hivyo. Rafiki mmoja niliyempenda hajanisemesha tangu nilipomkatalia. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Mshauri hakuniambia nimpuuze. Aliniuliza kama urafiki ule ulikuwa wa watu wawili, akaniacha nifikiri.

Sasa kwa wewe ambaye unasoma hapa huku ukijitambua, nina machache ya kukuambia. Kwanza, uliza kama mshauri amesajiliwa. Nchi yetu ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014, na ilianzisha bodi ya kuwasajili. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Pili, muulize kuhusu siri. Mshauri mzuri atakueleza tangu mwanzo kwamba mambo yako hayatoki mle, isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Tatu, muulize mtafanya nini na mtajuaje kwamba mnasonga mbele. Nne, mpe nafasi mara mbili au tatu, kisha jiulize: je, nimewahi kumpinga mtu huyu? Nikimpinga, alifanya nini? Jibu hilo litakufaa kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Na kama huna nauli wala wa kukupeleka, usikate tamaa. Nambari 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo humu nchini. Mwalimu wa ushauri, hata kama hutaweza kumwambia yote, anaweza kukufungulia mlango, kama wangu alivyofanya. Wala usidhani msaada ni lazima ukae ofisini. Kule Zimbabwe, tangu mwaka wa 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kuwasikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati, na watafiti wameonyesha kwamba benchi hilo hupunguza huzuni na wasiwasi.

Mwezi uliopita nilijaza tena ile karatasi ya maswali 7. Nilipata 6. Bado moyo hudunda mwalimu akiniita, na bado nawapa wenzangu sabuni ninapokuwa nayo, maana sikusudii kuwa bahili. Tofauti ni kwamba siku hizi natoa kwa kupenda, si kwa kuogopa. Wazee wetu waliposema wema usizidi uwezo, hawakutukataza wema. Walitukumbusha kwamba mtoaji naye ni mtu.

Kwa hayo, kalamu yangu naiweka chini. Atakayetaka kujadiliana nami anikute maktaba wakati wa mapumziko. Ila wakati wa prepu, samahani, nitakuwa na hisabati.