Chungu cha Uchina na Shanga za Kibiti

Hupita wachuuzi huku kwetu Kibiti wakiuliza vitu vya kale: fedha za zamani, vyungu, hata vigae. Wengi huona ni bahati kupata shilingi kwa kitu kilicholala bure ardhini. Mimi siipendi biashara hii, na sababu yangu naitoa mbali, Uchina.

Mwaka 1939 wakulima wa kijiji cha Wuguan, karibu na Anyang, walifukua chungu cha shaba iliyochanganywa na bati, chenye miguu minne. Kimo chake ni sentimita 133, na uzito wake wapita kilo 832. Mfalme mmoja alikifanyiza kwa heshima ya mamaye, yapata miaka 3,000 na zaidi, kiwe chombo cha kutolea sadaka. Basi akaja mnunuzi, akatoa sharti kwamba kikatwe vipande vipate kuchukulika. Wakashika msumeno, lakini shaba ile haikukubali. Wakakizika tena, maana waliwaogopa Wajapani walioiteka nchi, kikafukuliwa mara ya pili mwaka 1946. Tangu 1959 kimo katika nyumba ya makumbusho huko Beijing. Sikio lake moja halikuonekana kamwe. Lililopo ni la kuigiza. Kama msumeno ungalishinda, maandishi yaliyomo ndani, yenye jina la yule mama, yangaliuzwa vipande vipande, wala asingalijua mtu kwamba yalitoka katika makaburi ya wafalme.

Sisi hatuna chungu kama kile. Lakini huko Mkukutu, hapa Kibiti, Profesa Felix Chami alichimba akapata shanga za kioo za Kirumi, akazitangaza mwaka 1999. Shanga moja mkononi si kitu; mama angemvika mtoto. Bali hizi zilionekana pamoja na vigae vya wafua chuma wa kale, ndipo zikashuhudia kwamba biashara ya Rumi ilifika mpaka delta ya Rufiji. Zingalitiwa mfukoni mwa mchuuzi, zingalikuwa shanga tu.

Tena iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ilindayo vitu vilivyofanywa na watu kabla ya 1863.

Wanafunzi wangu nimewaagiza: jembe likigonga kitu cha kale, wakiache palepale, waniite. Juzi waliniita mbio shambani. Kilikuwa mfuniko wa sufuria, nao walikwisha kuuzungushia vijiti.