Kabla Hujauza Mbuzi

Ndugu msomaji, kama kwenu yupo kijana mwenye motokaa iliyofungwa muziki, bila shaka umekwisha sikia maneno haya: "Amplifaya imekufa." Nakuomba usiyaamini upesi. Mimi nimekula mkate wa umeme wa magari miaka mingi, na amplifaya nyingi nilizoletewa zikiitwa maiti zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa na njaa tu.

Yakupasa kwanza kujua mashini hii inakula nini. Betri ya motokaa iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti kama 12.6, injini ikinguruma, altaneta huzipandisha hata karibu 14. Basi amplifaya ya wati 500 za kweli (sisemi zile zilizoandikwa juu ya boksi, maana juu ya boksi kila mtu ni tajiri) huweza kuvuta zaidi ya ampea 40. Umeme mwingi namna hiyo haupiti vema katika waya mwembamba, kama maji ya mto yasivyopita katika mwanzi.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na pikapu yake ya matangazo. Pikapu hiyo ndiyo shamba lake: hutangaza minada, mechi za mpira na misiba, na ada ya watoto wake wawili hutoka humo. Akaniambia, "Mjomba, nikipandisha sauti tu, inakata. Nimenunua amplifaya ya pili, nayo ni vile vile. Sasa nauza mbuzi ninunue ya tatu."

Nikamjibu, "Mbuzi na wangoje, baba. Lete testa."

Tukapima betrini huku injini ikinguruma na spika zikilia: volti 13.8. Tukapima pale amplifaya inapopokea nyaya zake: 10.2. Umeme ukishuka hivyo, si ajabu amplifaya kujizima. Volti 3.6 zilipotelea wapi? Watu hutazama waya mwekundu, wakasahau kwamba umeme uliokwenda lazima urudi. Tukaweka ncha moja ya testa penye hasi ya betri, ya pili penye hasi ya amplifaya, muziki ungali unalia. Volti 3 kamili! Waya mweusi ulikuwa umekazwa kwa skrubu ndogo juu ya rangi, na chini yake kutu. Kizuizi cha ohm 0.1 tu, kikipitiwa na ampea 30, hula volti 3. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaweka waya mfupi wenye unene sawa na ule mwekundu, tukaukaza bodini kwa bolti.

Lakini lililonishtua si hilo. Karibu na betri sikuona fyuzi. Ilikuwapo zamani, ilipokatika mara kwa mara, mtu alifunga kipande cha waya mahali pake. Hapa nakusihi, msomaji, usome mara mbili. Fyuzi hii haiilindi amplifaya, yaulinda waya, na waya huo hupita chini ya zulia, kando ya mabati makali, karibu na miguu ya watu. Siku ngozi yake ikichubuka na kugusa bodi, betri huweza kutoa mamia ya ampea, na waya ukawa mwekundu kama kaa la moto. Ndiyo maana fyuzi hufungwa karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Ukiiweka nyuma kwenye amplifaya, waya wote mrefu umebaki bila mlinzi. Nayo ikikatika, tafuta sababu. Usitie iliyo kubwa zaidi.

Dukani nako jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwa unene ule ule, alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, umeijua.

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini mara nyingi ni ugonjwa huo huo wa waya mweusi. Pitisha nyaya za sauti upande mmoja wa motokaa, na ule waya mkubwa upande wa pili.

Ile amplifaya ya kwanza ya mpwa wangu ilikuwa bado stoo, chini ya magunia. Tuliifunga tuijaribu. Yalia vizuri.