Pikipiki ya Marehemu Baba

Wengi wenu mmetuuliza barabarani ile pikipiki kuukuu yenye ngurumo nzito tumeitoa wapi, na kwa nini tumemwaga fedha juu ya chuma kilichotuzidi umri. Swali la pili ni la haki, nasi twataka kulijibu bila kuficha kitu.

Sisi tuandikao ni ndugu wawili wa tumbo moja. Baba yetu alikuwa akizungukia shule za vijijini upande wa Urambo, na mwaka 1961, mwaka wa uhuru, aliinunua pikipiki hii kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ni BSA ya aina ya A10, iliyoundwa Birmingham katika Uingereza. Kampuni ile ilianza mwaka 1861 kwa kuunda bunduki, ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Baba alizoea kusema kwamba njia hii ya misafara imeona bunduki nyingi sana, lakini hizo tatu ndizo za kwanza kupita bila baruti.

Bodaboda za siku hizi karibu zote zina silinda moja. Hii ina mbili, zimesimama bega kwa bega, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 646. Pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, walakini moto huwaka kwa zamu, hii kwanza, kisha ile. Nyumbani twazifananisha na wapagazi wawili waliochukua mzega: hatua ni moja, nguvu wazitoa kwa kupokezana. Ndiyo sababu mlio wake si kama wa nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, petroli ilipokuwa adimu, baba aliisukuma ndani ya banda la kukaushia tumbaku, akaifunika magunia. Hakuipanda tena. Naye alipofariki, mama, ambaye sasa amepita miaka 80, alitwambia neno moja tu: "Wanangu, nataka kuisikia tena kabla sijamfuata."

Basi tukaanza, na tulianza vibaya. Kwa haraka yetu tulimwita kijana mmoja hodari wa kutengeneza bodaboda, akaja na spana zake za milimita. Spana ya 13 haikuingia, ya 14 ikacheza, naye akalazimisha kwa kuwa sisi tulikuwa tumemsimamia tukimhimiza. Hata jioni nati nne zilikuwa zimekuwa duara kama shanga. Hatumlaumu. Pikipiki za Kiingereza za wakati ule zilifungwa kwa vipimo vya inchi, na nyingi ya nati zake hufuata kawaida aliyoitunga Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841. Nani angemfundisha kijana yule mambo hayo?

Ndipo tukaelekezwa kwa mzee mmoja, mkereza vyuma mstaafu wa reli, ile reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Alifungua sanduku lake la mbao, na ndani yake mlikuwa na spana za Whitworth zimepangwa kwa ukubwa, zimepakwa mafuta, kana kwamba alikuwa akitungoja. Aliifungua injini kwa siku tatu bila kusema neno, mwisho akatuonyesha ubaya wake.

Ubaya wenyewe ni huu. Krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, upande wa kulia huzunguka ndani ya bushi, na mafuta hupita kwanza katika bushi hiyo kabla ya kwenda kwenye mikono ya pistoni. Bushi ikilika, mafuta humwagika papo hapo, na yanayofika mbele ni haba. Mpandaji hajui neno, mpaka siku mkono wa pistoni unapovunjika na kutoboa ubavu wa injini. Bushi yetu ilikuwa imelika. Zaidi ya hayo, mna mfereji ndani ya krenki unaokusudiwa kunasa uchafu, nao ulijaa tope jeusi, gumu kama nta ya kale. Lau tungaliiwasha siku ile ya kwanza, kama tulivyotaka, hapana shaka tungaliiua.

Mzee alitupa njia mbili. Ya kwanza, kutia bushi mpya kama ile ile ya zamani. Ya pili, kukereza na kutia beringi badala ya bushi, na kuyapitishia mafuta njia nyingine, yaingie kwenye ncha ya krenki. Wapandaji wengi wa BSA huko Ulaya wamekwisha kufanya hivyo, na vifaa vyake huuzwa.

Hapo sisi wawili tukatofautiana, hata siku kadha wa kadha hatukula pamoja. Mkubwa alisema, tukibadili ndani itakuwa si pikipiki ya baba tena. Mdogo alisema, pikipiki isiyoweza kwenda Urambo na kurudi si ya baba vile vile. Mpwa wetu naye akaongeza moto: alitaka kukata madigadi na kushusha usukani, ili ifanane na zile azionazo katika simu yake. Huyo tulikubaliana kumkatalia.

Tukampelekea mama shauri. Alicheka. Akatuuliza kama tumewahi kuitazama ile karia ya nyuma. Tukaenda kuitazama: ni chuma cha reli, kimekatwa na kuchomelewa. Akatuonyesha kiti, kimeshonwa kwa ngozi ya ng'ombe wetu. Na bomba la moshi la kushoto, lenye kiraka cha bati. Baba alikuwa akiibadili kila mwaka, sisi tukiwa watoto tusiotazama. Mama akaongeza kwamba hata misafara ilipofika hapa Unyanyembe wapagazi wengi waliagana na mizigo yao, wakaajiriwa wengine, na pembe zikaendelea hadi pwani. Mkubwa akanyamaza, tukachagua beringi.

Lakini fedha ya vifaa na ushuru tuliitoa wapi? Hapa twaona haya. Tulikuwa tumeweka akiba ya mabati ya jiko la mama, nasi tukaitumia. Tulidhani tutairudisha kabla ya masika. Novemba mvua zikaja mapema, na mama akahamishia mafiga yake barazani. Hakutulaumu, wala hatukumwambia. Alijua.

Siku ya kwanza ilipowaka tuliipeleka Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji. Ilikwenda vizuri mno. Tukaizima mbele ya tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872, alipongoja tangu Machi hata Agosti wapagazi ambao Stanley aliahidi kumletea kutoka pwani. Sisi nasi tukapata kungoja: injini ikiwa ya moto, ilikataa kabisa kuwaka. Tulisukuma chini ya miembe, huku vijana wa bodaboda wakitucheka, mpaka mmoja wao akatuhurumia akatufunga kamba. Mzee alijua mara moja. Ndani ya magneto mna kondensa ndogo, ambayo ikizeeka hufanya kazi asubuhi na baridi, lakini ikipata joto cheche hudhoofika. Akatia mpya. Tangu hapo tumekwenda Urambo na kurudi, kama kilomita 180, bila kushuka hata mara moja isipokuwa kunywa uji.

Hata Jumamosi moja tukaileta mbele ya baraza. Mama aliketi kitini, macho ameyafumba. Tukaiwasha. Alisikiliza muda, kisha akatikisa kichwa. "Sivyo ilivyolia."

Tulikuwa tumetia mabomba mapya ya moshi, yanayong'aa. Tukayafungua saa ile ile, vidole vikiungua, tukarudisha yale ya zamani, na lile la kushoto lenye kiraka. Tukaiwasha tena. Kiraka kilikuwa kikitetemeka na kupiga kama kibati. Mama hakusema kitu. Aliweka mkono juu ya tangi, penye bonyeo alilolifanya baba, akaukalisha pale mpaka tangi likaanza kupata moto.

Kisha akatwambia tuizime, petroli ni ghali, na akauliza mabati yatakuja lini.